Kilwa Isiyo na Moshi: Uhakiki wa Picha Moja ya Mji wa Kale

Kurasa hizi zimezoea riwaya, tamthilia na diwani. Safari hii nawaomba radhi walimu wangu na wanafunzi wenzangu, kwa sababu ninachotaka kukihakiki ni ubao. Una upana wa kama mita tatu, umetundikwa katika ukumbi mmoja wa maonyesho huku mwambao (sitautaja, maana walinipokea vizuri na kosa nitakalolieleza halikuanzia kwao), na juu yake pamechorwa kwa kompyuta mji wa kale ukiwa mzima, watu wakitembea. Chini pameandikwa: Kilwa, mwaka 1331. Jina la mchoraji halimo. Jina la aliyemshauri halimo. Ni kama kazi ya fasihi simulizi isiyo na mwenyewe, isipokuwa hapa hapana jamii iliyoipokezana kwa vizazi ikaisahihisha njiani.

Hebu kwanza niieleze, maana wengi wenu hamjaiona. Tunautazama mji kutoka juu, upande wa bahari, kwa jicho la tai. Kushoto, juu ya jabali, limesimama kasri la Husuni Kubwa, na birika lake la pembe nane limejaa maji ya buluu. Katikati upo Msikiti Mkuu na kuba zake. Kuanzia hapo mpaka ukingoni mwa picha ni nyumba za mawe tupu, zote nyeupe, zote za paa bapa, zimepangwa kwenye mitaa iliyonyooka kama rula. Bandarini yapo majahazi matatu yenye matanga ya pembetatu. Mbele kabisa, wakubwa kiasi cha kiganja, ni watu: wanaume wawili weupe wenye vilemba wanapatana bei ya pembe za ndovu, nyuma yao wanaume weusi wamejitwika mizigo, wanawake watatu wa kanga wanapita na mitungi, na pembeni, kwa ajili ya kivuli, mti. Nitaurudia huo mti.

Picha ni nzuri. Nilisimama mbele yake dakika kama ishirini na sitajifanya kwamba haikunigusa. Mtoto wa shule aliyezoea kusikia kwamba historia ya kwao ilianza siku Wareno walipotia nanga, akiiona, atatoka pale kifua mbele. Hilo si jambo dogo. Magofu yenyewe ni magumu kuyasoma: kuta nusu, mihrabu, miti imeota vyumbani, na mwenye kukutembeza anakuambia hapa palikuwa sebule wewe unaona mawe tu. Mtu anahitaji msaada wa macho. Kwa hiyo sibishani na wanaosema picha za ufufuo zina kazi. Ninabishana na hii moja, na jinsi inavyosimulia.

Tuanze na msimulizi. Darasani tunafundishwa kumtafuta anayesema, anasemea wapi, na anajua kiasi gani. Katika picha hii msimulizi ni maizi, tena maizi kupita kiasi. Anajua rangi ya kila ukuta. Anajua idadi ya madirisha. Hasiti hata mara moja. Riwaya ikiwa na msimulizi wa aina hiyo tunamvumilia, kwa kuwa tumekubaliana tangu jalada kwamba ni riwaya. Lakini ubao wa makumbusho hauna jalada la namna hiyo. Anayeusoma anadhani anaambiwa yaliyokuwako. Ukuta ambao bado umesimama na ukuta uliobuniwa jana na kijana mwenye kompyuta vimepakwa chokaa ileile, na hakuna alama hata moja ya kumwambia mtazamaji kipi ni kipi.

Sasa mwaka. Kwa nini 1331? Kwa sababu ndio mwaka ambao Ibn Battuta alifika Kilwa, akampata sultani al-Hasan bin Sulaiman, yule aliyeitwa Abul-Mawahib kwa ukarimu wake. Hakuna shahidi mwingine maarufu kama huyo kwa Kilwa ya zama zile, na mchoraji amefanya busara kumchagua. Ila hapo ndipo kasheshe linapoanzia. Matini ya safari zake, ambayo aliisimulia ikaandikwa na Ibn Juzayy na kukamilika mwaka 1355, inausifu mji wa Kilwa kuwa miongoni mwa miji mizuri iliyojengwa vyema, kisha inasema kwamba umejengwa kwa miti na mapaa yake ni ya majani. Miti! Majani! Msomaji atafute makuti kwenye ubao ule mpaka macho yamuume. Hamna hata kibanda kimoja.

Yaani mchoraji amechukua tarehe ya shahidi akaacha ushahidi wake. Mwanafunzi akifanya hivyo kwenye tasnifu, mwalimu anamrudishia karatasi ikiwa nyekundu.

Nakiri kwamba suala si jepesi. Wako wanaoona kuwa kumbukumbu ilimchanganya mzee wa watu, maana kati ya kufika kwake na kuandikwa kwa kitabu ilipita zaidi ya miaka ishirini na miji aliyoiona ni mingi. Majengo ya mawe ya Kilwa ya wakati wake tunayo, tunayagusa kwa mikono. Husuni Kubwa inahusishwa na sultani huyohuyo. Msikiti Mkuu ulianza karne ya 11 au ya 12, na upanuzi wake mkubwa wa upande wa kusini ni wa mwanzo wa karne ya 14. Tena Mreno Duarte Barbosa, aliyeandika mwanzoni mwa karne ya 16, anaizungumzia Kilwa ya nyumba za mawe na chokaa, mapaa bapa, na milango ya mbao iliyochongwa kwa ustadi. Basi nani mkweli?

Jibu langu ni kwamba wote wawili wanaweza kuwa wakweli, na ndiyo maana picha ya upande mmoja inaudhi. Wachimbuzi wa mambo ya kale walioanza kazi miaka ya 1940 na 1950 walichimba mawe, kwa kuwa mawe ndiyo yaliyoonekana. James Kirkman pale Gedi alizipa nyumba majina kwa vitu alivyookota ndani: Nyumba ya Mkasi, Nyumba ya Kisanduku cha Pembe, Nyumba ya Ushanga wa Venisi, Nyumba ya Fedha za Kichina. Majina matamu, karibu yawe vichwa vya hadithi fupi. Lakini angalia yanavyochagua: vitu vya ndani ya kuta za mawe, na aghalabu vilivyotoka ng'ambo. Gedi ina ukuta wa ndani na ukuta wa nje, na kati ya kuta hizo mbili inaaminika waliishi watu wengi katika nyumba za udongo. Hakuna Nyumba ya Kinu, hakuna Nyumba ya Mbuzi wa Kukunia Nazi. Neville Chittick naye alichimba Kilwa kwa miaka kadhaa tangu mwisho wa miaka ya 1950, akatoa juzuu mbili kubwa mwaka 1974, na huko pia mawe ndiyo mhusika mkuu.

Baadaye mambo yakageuka. Mark Horton alipochimba Shanga katika kisiwa cha Pate miaka ya 1980, chini ya msikiti wa mawe alikuta mabaki ya misikiti iliyotangulia, mmoja juu ya mwingine, na wa chini kabisa, wa karne ya 8, ulikuwa wa miti: mashimo ya nguzo tu ardhini. Kuanzia mwaka 2009 Stephanie Wynne-Jones na Jeffrey Fleisher wamechimba Songo Mnara, jirani na Kilwa, na pale ambapo ramani za zamani zilionyesha uwazi mtupu kati ya nyumba za mawe walipata makaburi, visima, dalili za kazi za mikono na nyumba za miti na udongo. Kilichoitwa uwanja mtupu kilikuwa mji. Udongo haupotei kabisa. Unamtaka mtu apige magoti na kupepeta.

Kwa hiyo mchoraji wetu hawezi kujitetea kwamba hakuna aliyejua. Nyumba za udongo ziliachwa kwa sababu zinaharibu fani. Mji mweupe wa mawe unapendeza kwenye ubao. Ukitia makuti, rangi inakuwa ya kahawia, kingo zinachakaa, mtazamaji anahisi yuko kijijini kwao. Na labda hilo la mwisho ndilo lililoogopwa.

Niwasimulie. Tulipokwenda Kilwa Kisiwani kwa mashua kutoka Masoko nilikuwa nimebeba nakala ya picha ile kwenye karatasi. Kisiwa si cha mizimu, bwana. Kinakaliwa na watu, wana shule na misikiti yao, na nyumba zao nyingi ni za miti, udongo na mawe madogo. Tulimkuta bibi mmoja barazani kwake anashona makuti. Nikamwamkia, akaitikia marahaba, akauliza nimeshika nini. Nikampa. Akaitazama muda mrefu, akaisogeza karibu, akaipeleka mbali.

"Mjukuu wangu, mji huu hawapiki?"

"Kwa nini, bibi?"

"Sioni moshi."

Kisha akauliza waliochoma chokaa yote ile walikuwa wakilala wapi. Maana yeye anaijua chokaa. Matumbawe hupangwa juu ya lundo la magogo, yakachomwa mpaka yakawa unga, na kazi hiyo hula msitu na hutaka watu wengi. Nyumba moja tu ya mawe ni rundo la kuni na umati wa vibarua. Nani alikata boriti za mikoko huko kwenye delta na mikokoni? Urefu wa boriti ndio ulioamua upana wa vyumba vya matajiri wale, mita tatu hivi au pungufu. Ndiyo maana nyumba zao ni ndefu na nyembamba kama korido. Ukiingia kwenye chumba cha sultani unapima kwa mti uliobebwa begani na mtu ambaye kwenye picha hana nyumba.

Sikuwa na jibu la kumpa bibi. Nilichokiona, na ambacho sikukiona nilipokuwa ukumbini, ni kwamba picha ile inamwambia yeye kitu. Inamwambia: mji wa kale ulikuwa hivi, na wewe na makuti yako mmekuja baada ya mji kufa, mmejibanza kwenye magofu ya watu wengine. Wakati nyumba yake, kwa ufundi wake, kwa fito na udongo wake, ni ya zamani kuliko Msikiti Mkuu. Kilwa Kisiwani na Songo Mnara viliingizwa katika orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO mwaka 1981, vikatiwa katika orodha ya urithi ulio hatarini mwaka 2004 kwa sababu ya kuporomoka kwa kuta na mmomonyoko wa fukwe, vikaondolewa humo mwaka 2014. Mahali penye hadhi ya namna hiyo, swali la nani ni mwenyeji na nani amejibanza haliishii kwenye karatasi. Linaamua nani anaulizwa panapowekwa mpaka wa eneo la hifadhi, na nani anaambiwa asogee.

Mwenzangu mmoja aliyesoma rasimu hii aliniambia nimezidi kuchokonoa, kwamba ubao ni wa watalii na watoto. Basi tuuchokonoe zaidi. Ule mti wa kivuli ni mkorosho. Majani yake, bibo lake jekundu, hakuna kosa: mchoraji kautoa kwenye barabara ya Lindi. Mkorosho asili yake ni Brazili na ulifika kwetu na Wareno. Mwaka 1331 hapakuwa na mkorosho Kilwa, wala mhogo, wala mahindi, wala pilipili hoho, wala tumbaku. Kanga za wale wanawake ni vazi la karne ya 19. Milango ya nyumba imetiwa misumari mikubwa ya shaba, milango ya Unguja ya enzi za masultani wa Oman. Barbosa ametuambia kuwa milango iliyochongwa ilikuwapo. Hakutuambia kuwa ilifanana na milango ya Mji Mkongwe ambayo sasa inauzwa kwenye kadi za posta. Kila mahali mchoraji alipokwama alitia Unguja.

Na Husuni Kubwa? Kasri hilo la vyumba zaidi ya mia moja, kwa maoni ya waliolichimba, halikumalizika kujengwa, na wenyewe walilikalia kwa muda mfupi tu. Kwenye ubao limekamilika, maji yamo birikani, mapazia yanapepea. Hapa mchoraji amempa sultani kitu ambacho sultani mwenyewe alikikosa. Ningefurahi zaidi kuona kiunzi, marundo ya matumbawe, mafundi wamekaa chini ya mbuyu wanasubiri malipo. Huo ungekuwa mji wenye tukio.

Tabaka na rangi. Nisingependa kulirefusha lakini siwezi kuliruka. Weupe wawili wanauza na kununua. Weusi wote wanabeba. Mchoro huu una ukoo. Kwa muda mrefu vitabu vilisema miji ya pwani ilianzishwa na Waarabu au Waajemi waliokuja na ustaarabu kwenye majahazi, na Mwafrika akapewa nafasi ya mpagazi. Utafiti wa lugha na wa mambo ya kale tangu miaka ya 1980 umeonyesha kwamba miji hii ilikua kutoka kwenye vijiji vya wenyeji, wenye vyungu vyao, lugha yao ya Kibantu na nyumba zao za udongo. Kisha mwaka 2023 ukachapishwa katika jarida la Nature utafiti wa DNA ya watu waliozikwa katika miji ya pwani tangu karne za kati. Ulikuta kwamba wengi wao walikuwa machotara: kwa upande wa mama zaidi Waafrika, kwa upande wa baba asili ya Asia, hasa Uajemi, na mchanganyiko huo ulianza karibu mwaka 1000. Wapo walioshangilia matokeo hayo na wapo walioyanunia. Kwa mhakiki wa picha jambo ni moja: mwaka 1331 huyo tajiri wa Kilwa anayepatana bei yaelekea alikuwa na bibi mweusi, na huenda alifanana na mpagazi wake kuliko mchoraji anavyotaka. Kuligawa soko kwa rangi ya ngozi, huku mali na huku mizigo, ni kuwarudisha watu katika ramani ya kikoloni.

Tusidhani tatizo hili ni letu peke yetu. Uingereza alikuwako mchoraji Alan Sorrell, aliyefariki mwaka 1974, ambaye alichora ngome, nyumba za watawa na miji ya Kirumi jinsi ilivyokuwa, kwa ajili ya magazeti na kwa ajili ya serikali iliyotunza magofu hayo. Picha zake zina mawingu mazito, mvua, na moshi mwingi. Inasemwa kwamba pale ambapo wachimbuzi hawakuwa na hakika ya kitu, wingu lilipita. Unaweza kusema ni ujanja. Mimi naona ni adabu, kwa sababu mtazamaji anahisi kuna kitu hakioni. Bibi wa Kilwa aliuliza moshi kwa sababu ya chakula, na Sorrell aliutumia kwa sababu ya ujinga wetu. Ubao wetu haujui njaa wala ujinga. Ufaransa nako, pale Carcassonne, Viollet-le-Duc katika karne ya 19 alifufua mji wa ngome kwa mawe yenyewe, si kwa wino, na kuivika minara kofia kali za vigae vya mawe ambazo wapinzani wake walisema ni za kaskazini, hazihusiani na nchi ile ya kusini. Leo watalii wanampenda hivyohivyo. Picha ikishakaa machoni haitoki.

Na picha ya Kilwa ilikaa machoni mwa dunia mapema sana. Mwaka 1572 Georg Braun na Frans Hogenberg walichapisha huko Köln juzuu ya kwanza ya kitabu chao cha miji ya ulimwengu, na ndani yake ukurasa mmoja umegawanywa kwa Aden, Mombasa, Kilwa na Sofala. Mji umechorwa kama ambavyo mchoraji wa Ulaya alizoea kuchora mji wowote, majengo yamebanana na minara inachomoza. Ilikuwa miaka 67 tangu Francisco de Almeida aupore mwaka 1505. Walioununua ukurasa ule waliiona Kilwa ikiwa nzima baada ya Kilwa kuvunjwa. Ubao wetu ni mjukuu wa ukurasa huo. Umebadilisha vifaa tu.

Vifaa vyenyewe si vya kulaumiwa. Mradi wa Zamani wa Chuo Kikuu cha Cape Town umepima kwa leza magofu ya Kilwa Kisiwani na Songo Mnara, kila ufa na kila tundu, na kazi ya aina hiyo itatufaa hata siku ukuta utakapoanguka baharini. Lakini kipimo ni kitu kimoja na hadithi ni kingine. Kompyuta inapomaliza kupima ukuta uliopo, inaweza kuendelea kuchora ukuta usiopo bila hata kukohoa. Wataalamu waliliona hilo, wakaandika mwaka 2006 Hati ya London, inayotaka kila picha ya namna hii iambatane na maelezo ya ushahidi uliotumika na maamuzi yaliyofanywa. Ni jambo la kawaida kwetu: sisi huita tanbihi. Ubao wa mita tatu unakosa nafasi ya tanbihi, eti, huku chini kumebaki sentimita hamsini za mapambo ya nakshi.

Wanaosema haiwezekani kuonyesha mji na kutoujua kwake kwa pamoja, nawarudisha kwenye Al-Inkishafi. Sayyid Abdallah bin Ali bin Nasir hakuwa mchimbuzi, na Pate aliyoiombolezea ilikuwa imeanguka karibu na zama zake, si karne tano kabla. Lakini ndani ya utenzi ule mna mji uliofufuliwa kuliko ubao wowote. Tunaziona taa, tunaziona sahani za kaure, tunasikia makelele ya karamu, na wakati huohuo kila kitu tunakionyeshwa kwa kupitia kilichobaki: vidaka vimekuwa makao ya ndege, popo wananing'inia walipokaa watu, buibui ndio wenye nyumba. Hauondoi gofu mbele ya macho hata kidogo. Ubeti unasema walikuwako na hawako katika pumzi moja. Ni kweli kwamba naye anaimba habari za wakubwa, wa udongo hawamo kwake pia, na lengo lake lilikuwa kuiasa nafsi yake wala si kuwaelimisha watalii. Hata hivyo namna yake ya kuona inaweza kuchorwa. Chora gofu kwa wino mzito kama lilivyo leo. Juu yake, kwa mstari mwembamba, weka ukuta unaojulikana kwa msingi wake. Kwa nukta tu, weka unaodhaniwa. Peter Garlake, aliyekuwa msanifu majengo, alipoyapima magofu ya pwani kwa ajili ya kitabu chake cha mwaka 1966, alichora kwa mistari, na kwenye mistari jicho linajua linapobahatisha. Rangi ndiyo iliyotuponza.

Tena Kilwa yenyewe ilijiandika na kujichora, jambo ambalo mchoraji wetu angelijua asingehangaika kuazima Unguja. Iliandika kwenye sarafu. Sarafu za shaba za Kilwa hazina sura ya sultani. Upande mmoja umebeba jina lake, upande wa pili maneno ya kumtegemea Mungu, na maneno ya pande hizo mbili yana kina: unageuza sarafu ndipo upate mwisho wa ubeti. Sisi tunaopigizana kelele kila mwaka kama fani na maudhui ni chai na kikombe au ni pande mbili za sarafu moja, tulikuwa nayo sarafu hiyo sokoni karne saba zilizopita, inanunulia samaki. Ubaoni, katika soko lile lote, hakuna sarafu hata moja mkononi mwa mtu.

Na ilijichora ukutani. Peter na Margaret Garlake waliandika mwaka 1964 kuhusu vyombo vya baharini vilivyokwaruzwa kwenye lipu ya majengo ya kale ya pwani, Kilwa ikiwamo. Aliyevichora hakuwa mchoraji wa sultani. Ni mkono wa mtu aliyesimama ukutani na kitu chenye ncha, pengine anasubiri kuitwa, pengine anapunga upepo. Baadhi ya vyombo hivyo ni vya tanga la mraba, kama la mtepe, chombo chetu kilichoshonwa kwa kamba za nazi pasipo msumari, tanga lake likiwa la mkeka. Bandarini mwa ubao, kati ya majahazi matatu, hakuna mtepe. Nilimwuliza kijana wa ukumbini kwa nini. Alisema picha ya mtepe haikupatikana.